Bingwa wa Nne wa Mkanda wa Mashariki

Nianze na sufuria, maana hata sufuria wameidanganyia.

Kijitabu chao, hawa wenye ukumbi wa mieleka, kinasema mkanda wa ubingwa wa Mashariki ulitengenezwa mwaka 1974 na sonara wa katikati ya jiji, kwa shaba ya kuchagua. Sonara gani? Wa mtaa gani? Shaba ile ilikuwa sufuria ya kukaangia nyama ya nguruwe, mali ya mama yake Don Fidencio Arriola, mwanzilishi wa ukumbi. Ilitoboka kitako, fundi bati akaikata, akaigonga mpaka ikawa bapa, akachora humo jua la miale saba kwa msumari. Ngozi ilitoka kwenye matandiko ya punda. Miaka ya mwanzo, bingwa akishatoka jasho, mkanda ulinuka mafuta ya nguruwe, na watu wa viti vya mbele walipiga kelele, "Leteni tortilla, nyama imeiva!" Nayajua haya kwa sababu nilikuwapo, na pua ninayo.

Mimi ni Hermelinda Sosa, mkazi wa Neza tangu Neza haina hata bomba la maji. Jiji la Mexico lilikuwa kule, sisi tulikuwa huku mashariki, kwenye matope. Mapromota wakubwa wa jiji hawakuwataka wanamieleka wetu, walisema wanapigana kama wapakia matofali. Na walikuwa wapakia matofali! Walitaka wapigane kama nani, maaskofu? Basi Don Fidencio akafagia ua wake, akapanga mbao juu ya matairi mabovu, akatandika turubai, akauita Arena Jacaranda. Akasema kama wao wana ubingwa wao, na sisi tutakuwa na wetu, hatumwombi mtu ruhusa. Hivyo ndivyo mkanda ulivyozaliwa. Ulizaliwa kwa hasira, na mimi nausimulia kwa hasira, kwa hiyo tumeenda sawa.

Bingwa wa kwanza alikuwa Mpiga Lipu, aliyekuwa mpiga lipu kweli, aliingia ulingoni na chokaa kwenye nyusi. Wa pili alikuwa Shetani wa Texcoco, mwizi mkubwa yule, alitoroka na mkanda hadi mpakani kaskazini. Mama mkwe wake ndiye aliyeurudisha, kwa basi, siku mbili njiani, kaufunga kwenye blanketi la mtoto. Bibi yule alipanda ulingoni akatutukana sote kabla ya kuukabidhi. Wa tatu alikuwa Mtawa wa Chuma, aliyeushika miaka mitano na kuvunja mbavu za watu wengi. Hao wote watatu kijitabu kimewataja vizuri tu, ukiacha lile la sonara. Wa nne ndiye aliyenipandisha presha.

"Bingwa wa nne," kijitabu kinasema, "Kozi. Alitwaa mkanda mwaka 1983, akautwaa tena mwaka 1997, akautwaa tena mwaka 2010. Gwiji asiyezeeka."

Asiyezeeka! Amezeeka jamani, amezeeka mimi nikimtazama. Kozi wa mwaka 1983, aliyejiita kwa jina la ndege mwindaji, ni mume wangu, Crescencio Olmos. Siku kijitabu kile kilipoingia nyumbani kwetu alikuwa ameketi mezani akipuliza supu ya kuku, miaka sitini na sita, goti la kulia halikunjiki, moyo unaruka mapigo, na daktari keshamwambia asibebe hata ndoo.

Aliyekileta ni Doña Chabela, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Aliingia bila hodi, kama kawaida yake.

"Herme, shoga yangu, Jacaranda inatimiza miaka arobaini! Jumapili ijayo, saa kumi na moja. Wataitwa mabingwa wote walio hai, mmoja mmoja, wapande ulingoni, na majina yao yatawekwa ukutani kwenye kibao cha marumaru. Na Kozi atakuwapo! Unamkumbuka Kozi?"

"Namkumbuka," nikasema.

"Kifua kile! Mapaja yale! Mungu anisamehe, marehemu mume wangu alikuwa ananipeleka kila Jumapili na mimi macho yangu kwa Kozi tu. Na bado anaruka, eti. Sijui anakula nini. Wanaume wengine wamejaliwa." Akamtazama Crescencio anavyotetemesha kijiko, akaniinamia sikioni, lakini sauti ya Chabela hata ikinong'ona inasikika mtaa wa tatu. "Si kama huyu wako. Pombe imemmaliza, masikini."

Crescencio akaendelea kula. Mimi nikashika ukingo wa meza nisije nikamrushia mtu sufuria.

Inabidi nieleze, maana mtu asiyekulia kwetu atauliza kwa nini sikumjibu. Mwanamieleka wa barakoa hana uso. Hiyo ndiyo sheria. Akijulikana ni nani, amekwisha, amebaki dereva wa lori aliyevaa kitambaa kichwani. Wengine wanaichukulia sheria hiyo kwa kiasi. Wanaambia ndugu, wanaambia kinyozi. Crescencio aliichukua kama ibada. Alivaa barakoa nyumbani kwetu, akaruka ukuta wa nyuma, akapanda teksi mtaa mwingine. Alifika Jacaranda kaivaa, akaondoka kaivaa. Mtawa wa Chuma, ambaye Crescencio alimnyang'anya mkanda baada ya dakika arobaini na moja za kuuana, alikufa bila kuujua uso wa mtu aliyemshinda. Aliyejua ni mimi na Don Fidencio. Basi.

Na Jumapili usiku anarudi na jicho limevimba, mdomo umepasuka, anatembea ameegemea kuta. Majirani wataona nini? Wataona mlevi. Nikawaacha waone mlevi. Nikasema ndiyo, ni mlevi, anagombana vilabuni, nimemzoea. Mama yangu mzazi alikuja kutoka Zacatlán, akakuta mkwe wake ana nyuzi tisa juu ya nyusi, akaniambia, "Mwanangu, rudi nyumbani, umeolewa na takataka." Wiki ile ile takataka yule alikuwa bingwa wa Mashariki, na mkanda ulikuwa chini ya kitanda alicholalia mama. Sikusema. Mama alikufa miaka sita baadaye, na maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa pole. Crescencio alilia mazishini kuliko mimi, na watu wakasema ni pombe.

Mficha uchi hazai, wanasema. Sisi kuzaa hatukujaaliwa, lakini hilo ni jambo jingine. Mume wangu alificha uso, na akaficha vizuri mno, na hilo ndilo kosa lake. Nilipata kumpiga picha moja, moja tu katika miaka yote, ameketi kitandani, mkanda kiunoni, kichwa wazi, anacheka kama mtoto aliyeiba sukari. Alipoiona alichukua mkasi wangu wa kushonea akakata kichwa. Kichwa akakichoma jikoni. Picha ninayo hadi leo: kiuno, mkanda, na shimo.

Mwaka 1991 goti likavunjika. Don Fidencio akaja nyumbani, kofia mkononi. "Crescencio, mwanangu, watu wamekata tiketi. Niazime barakoa wiki mbili tu, nimvalishe mwingine, tusiwavunje moyo." Crescencio akampa. Nikamwambia, "Wewe, unampa mtu uso wako?" Akasema, "Don Fidencio ni kama baba." Wiki mbili hizo hazijaisha. Mvaaji wa pili alishika miaka kumi na tano, akaja wa tatu. Don Fidencio akafa, na mpwa wake, aliyesomea sheria, akaliandikisha jina la Kozi serikalini kuwa mali yake, pamoja na mabawa ya manjano niliyoyachora mimi kwa chaki ya ushonaji na kuyashona kwa mkono wangu kwenye kitambaa cheusi. Mtaani tunamwita Msomi. Si kwa heshima.

Chabela alipoondoka, Crescencio akasukuma bakuli. Nilidhani atasema kama siku zote, "Yaache, Herme." Alikivuta kijitabu, akakisoma ukurasa ule mara mbili, akifuata mistari kwa kidole.

"Wataita mabingwa walio hai," akasema.

"Nimesikia."

"Mimi niko hai."

"Kwa shida, lakini uko hai."

"Nataka kuitwa, Herme. Mara moja. Sitaki kitu kingine. Nipande, nisimame pale, nishuke, nife zangu."

Miaka thelathini na tisa ya ndoa sijawahi kumsikia mtu huyu akitaka kitu. Nikavaa viatu.

Msomi alitupokea Jumatano, ofisini kwake juu ya mlango wa Jacaranda. Ua wa matairi siku hizi una paa, viti vya plastiki na matangazo. Yeye mwenyewe alikuwa na shati lililonyooka kama hajawahi kuketi tangu alivae. Nikamweleza yote. Alisikiliza, anatabasamu, anabonyeza kalamu, ta, ta, ta.

"Mama, hadithi nzuri sana. Wewe ni mtu wa kumi na moja."

"Wa kumi na moja wa nini?"

"Wa kuniletea Kozi. Mwaka jana alikuja mmoja wa Ecatepec, na yeye alikuwa Kozi. Ana goti bovu vilevile. Nyinyi wazee wote mna magoti mabovu." Akamgeukia Crescencio. "Mzee wangu, mkataba unao?"

Crescencio akatoa karatasi kwenye mfuko wa koti. Alikuwa ameitunza ndani ya Biblia. Msomi akaifungua, akaisoma, akaanza kucheka, si kwa ubaya hata, kacheka tu kama mtu aliyesikia kichekesho. Akanigeuzia niione. Pale chini, penye sahihi, mume wangu alikuwa ameandika *Kozi*, na kachora kibawa.

"Hukuandika jina lako?" nikamuuliza Crescencio.

"Karani angeliona," akasema, polepole.

"Karani angeliona! Mungu wangu! Karani!"

"Mimi pia naweza kuandika Kozi, mama," akasema Msomi. "Picha je?"

Sikuitoa ile picha. Ningeitoaje? Nikamwambia barakoa ya kwanza ninayo, nimeishona mimi. Akaonyesha dirishani, kule chini mlangoni, ambako mchuuzi alikuwa amezitundika barakoa za Kozi arobaini au hamsini, za watu wazima na za watoto.

"Marehemu mjomba wako alijua," nikasema. "Na wewe unajua. Ulikuwa ukija nyumbani kwetu na mjomba, una miaka minane, unakula mikate yangu mitamu, unampanda huyu mgongoni. Niangalie machoni uniambie hujui."

Akaacha kubonyeza kalamu. Hapo nikajua anajua. Mtu asiyejua angekuwa amekasirika.

"Doña Herme," akasema, sasa kwa jina, "Kozi ni mmoja. Watoto wanaamini ni mmoja. Nikimpandisha mzee huyu na kusema Kozi ndiye huyu, kesho nitamuuzia nani yule mwingine? Elewa basi. Nawapa viti viwili, mstari wa tatu, bure. Heshima yangu kwenu."

"Heshima yako kaa nayo," nikamwambia. "Wewe ni mbwa, na mjomba wako alikuwa mbwa mpole, hiyo tu ndiyo tofauti."

Crescencio akazichukua tiketi zile mbili mezani, akasema asante. Asante! Nilimtukana njia nzima hadi nyumbani. Nilimwambia amekuwa zoba tangu siku namjua, kwamba amewalinda watu wasiomlinda, kwamba alikichoma kichwa chake mwenyewe jikoni kwangu, na sasa analia hana kichwa. Hakulia, lakini nilimwambia analia. Alitembea pembeni yangu akiburuta mguu, na mimi nikazidi.

Jumapili nilitia mkasi wangu mdogo ndani ya sidiria. Nitawaambia wazi nilichokusudia. Barakoa hufungwa kisogoni kwa kamba za kiatu. Mimi nimeshona ngapi, kamba zile nazijua nikiwa nimefumba macho. Nilipanga yule Kozi wao atakapopita kwenye njia kati ya viti, nimrukie, nikate, nivute. Watu wauone uso wa kijana wa miaka thelathini na kitu, wapige hesabu wenyewe: mwaka 1983 huyu alikuwa wapi? Alikuwa ananyonya!

Tulikaa mstari wa tatu. Chabela alikuwa kando yangu, kavaa hereni, mahindi ya kuchoma mkononi. Watu walijaa hadi ngazini. Taa hazijawashwa, jua la jioni lilikuwa likiingia kwa upande kupitia bati za plastiki. Crescencio alikuwa amevaa suti yake ya harusi, inampwaya. Akanyoosha mkono wake kwangu, kiganja juu, hakunitazama.

"Nipe mkasi."

"Mkasi gani?"

"Hermelinda."

"Sikupi. Huyu ni mwizi, kavaa uso wako."

"Barakoa haivuliwi hivyo. Hata ya mwizi. Mtu akikuvulia barakoa kwa hila, bora akuvue nguo. Nipe."

"Heri ufe ukiwa na heshima zako hizo," nikamwambia, na machozi yalikuwa yananitoka kwa hasira, na nikampa. Chabela akaacha kutafuna. "Mna nini nyinyi?" akauliza.

Mtangazaji akaanza. Wa kwanza marehemu, makofi. Wa pili hajulikani aliko, kicheko. Wa tatu marehemu, makofi. "Na sasa," akasema, "bingwa wa nne, aliye hai, aliye juu, asiyeshikwa na miaka, Kooozi!"

Muziki ukalia. Barakoa nyeusi, mabawa ya manjano, mwili umepakwa mafuta unang'aa. Alipita mbio hatua tatu kutoka kwangu, akairuka kamba ya juu, akatua kwa miguu miwili. Jacaranda nzima ilisimama. Chabela alipiga yowe. Na mimi nilipogeuka kumtazama mume wangu, kiti kilikuwa kitupu.

Alikuwa keshafika ulingoni. Mlinzi alimwekea mkono kifuani, "Mzee, choo ni kule." Crescencio akaupita mkono ule kama hauko, akapanda ngazi zile nne, goti bovu likifuata baada ya lile zima. Alipofika ukingoni, kabla ya kuinama aingie kati ya kamba, alifuta soli za viatu vyake kwenye turubai. Kulia, kushoto, kulia, kushoto.

Hakuna mtu wa kawaida anayefanya hivyo. Mlevi aliyepotea njia hafanyi hivyo. Wanaofanya hivyo ni wanamieleka tu, wasije wakaingia na mchanga wakateleza, na wanafanya hata wakiwa usingizini. Yule Kozi wao aliona. Alikuwa katikati, mikono juu, anapokea kelele. Akaishusha mikono. Akaja hadi kwenye kamba, akakanyaga ya chini kwa mguu, akainyanyua ya kati kwa bega lake, akamfungulia njia. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Pita, mwalimu," akamwambia.

Crescencio akapita. Akaenda moja kwa moja kwa mtangazaji, akamwomba kipaza sauti kwa adabu, kama mtu anayeomba chumvi. Mtangazaji naye, kwa kushangaa, akampa. Nikamwona Msomi, kule mlangoni, anapitisha kidole shingoni, ishara kwa fundi wa mitambo. Kipaza sauti kikafa hapo hapo.

Crescencio akakipigapiga mara mbili, akakirudisha, akashukuru. Akasimama katikati ya ulingo, mikono pembeni, akaanza kuzungumza bila chombo.

Nilijua anachosema kabla sijasikia. Kwetu, wawili wakiwekeana barakoa rehani, aliyeshindwa huivua mbele ya watu wote na kusema mambo matatu: jina lake, alikotoka, na miaka aliyopigana. Akishayasema, amekwisha, barakoa ile haivai tena hadi kaburini. Wanaume wazima nimewaona wakilia kama wajane wakiyasema. Crescencio hakushindwa hata mara moja. Miaka yote ile hakuna aliyempata. Na sasa alikuwa anayasema bure, hajapigwa na mtu, anakitoa kile kitu alichomnyima hadi mama yangu. Na sauti yake, masikini, haikufika hata mstari wa pili.

"Anasema nini?"

"Mzee kalewa!"

"Mtoeni mlevi! Mtoeni mlevi!"

Mlevi. Neno lile lile. Nilikuwa nimelimeza miaka kumi na saba mtaani, nikalimeza mbele ya jeneza la mama, lakini Jumapili ile halikupita kooni. Sijui nilipandaje juu ya kiti. Nilikuwa juu ya kiti cha plastiki, mwanamke wa miaka sitini na miwili, na nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo.

"Si mlevi! Hajawahi kulewa! Anaitwa Crescencio Olmos Tapia! Ametoka Zacatlán! Alimpiga Mtawa wa Chuma kwenye ulingo huu, mwaka elfu moja mia tisa themanini na tatu, kwa dakika arobaini na moja, na nyinyi mlikuwapo, na mlimbeba mabegani, washenzi nyie, mlimbeba mabegani! Huyo ndiye Kozi! Nimeishona mimi barakoa hiyo! Mimi, mkewe! Mwulizeni Msomi, huyo pale, anajificha nyuma ya mlango, mwulizeni alikuwa akimpanda nani mgongoni!"

Watu wakanyamaza. Si wote, vijana wa juu walikuwa bado wanapiga miluzi, lakini viti vya chini, vile vya wazee, vilinyamaza kabisa. Kozi wao alikuwa amesimama hatua moja nyuma ya mume wangu, hasogei. Nilihisi mkono umenishika sketi. Chabela. Amenikodolea macho, mahindi yameanguka chini.

"Mlevi wako?" akasema. "Crescencio? Huyu wa supu?"

"Huyo huyo."

"Miaka arobaini ukuta kwa ukuta, Herme. Nimekuletea mimi majani ya kumpikia, aache pombe."

"Nilikuwa nayamwaga."

"Muongo mkubwa wee!" Kofi alilonipiga pajani lilinichoma, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Akasimama naye, mzito vile, akajishikilia kwangu, akatazama ulingoni. Akamtazama mzee yule mwenye suti inayompwaya kwa muda mrefu, kama anayemvua mwaka mmoja mmoja. Kisha akaweka mikono mdomoni.

"Miaka mingapi, Kozi?"

Hilo ndilo swali. Aliyeshindwa akisita, akimeza jambo la tatu, watu humwuliza, na humwuliza kwa jina la barakoa kwa mara ya mwisho. Nyuma yetu mzee mmoja akavua kofia. "Miaka mingapi, Kozi?" Kisha mwingine wa upande wa pili, kisha wanawake wawili pamoja, kisha ikawa viti vyote vya chini, wanagonga sakafu kwa miguu, "Miaka mingapi? Miaka mingapi?" na vijana wa juu wakadakia bila kujua wanadakia nini.

Msomi akapiga kelele muziki ufunguliwe. Muziki ukafunguliwa, mkubwa, vyombo vyote. Nikaona midomo ya mume wangu ikitaja idadi. Hakuna aliyesikia. Hata mimi sikusikia.

Lakini yule kijana wa barakoa alikuwa karibu naye, na alisikia. Akaja mbele, akasimama begani kwake, akainua mikono yake miwili juu kabisa, vidole vyote kumi. Akaikunja. Akainua tena, vidole saba. Akasimama hivyo hivyo watu wakihesabu kwa sauti hadi kumi na saba. Msomi akapanda mwenyewe ulingoni, na viatu vyake vichafu, akamvuta mkono ili aushushe, na kijana hakuushusha.